Uzi: Nina milioni 58, ninunue Fuso tandam au niendelee kukodi? (Tanga)

MwanaPongwe (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jumapili. Mimi niko Tanga, Pongwe huku, biashara yangu ni chokaa, nanunua nafungasha napeleka Dar kwa wateja wangu watatu wa kudumu, msimu wa machungwa ukifika nachanganya na machungwa ya Muheza kwasababu shemeji zangu wana shamba. Kila mwezi nakodi Fuso tandam (lori lenye ekseli mbili nyuma) mara tatu, tani 15 kila safari, nalipa 750,000 kwenda tu, gari likishashusha mwenyewe anajijua. Sasa jana usiku nimekaa na kalkuleta nikaona nampa mtu milioni mbili na laki mbili na nusu kila mwezi, kwa mwaka ni milioni 27, kwa hiyo miaka miwili na kidogo nimemnunulia mtu gari lake mimi nimebaki na risiti za daftari. Nina milioni 58 nimekusanya, kuna Fuso inauzwa hapa Mabawa, mwenyewe anataka 52 anasema ukienda na hela mkononi anapunguza. Wenye uzoefu nishaurini kabla sijaenda, na tafadhali matusi hapana.

Kidume cha Makorora
Nunua bodaboda 15, kaa kibarazani kunywa kahawa.

MwanaPongwe
Nilisema matusi hapana, sikusema utani hapana, karibu.

Mzee wa Tela
Mwanangu salama. Nina magari tangu 2011, nilianza na Canter, nikaenda Fuso, sasa nina Scania mbili na tela zake na kichwa cha tatu kiko juu ya matofali nyuma ya nyumba mama watoto anaanikia nguo. Kwa hiyo ninaposema sikiliza sisemi kwa kukutisha.

Kosa lako liko kwenye hiyo milioni 27. Wewe umehesabu hela inayotoka kwako ukadhani yote inabaki mfukoni kwa mwenye gari. Hebu tumfuate huyo mwenye gari safari moja. Tanga Dar ni kama kilomita 350, kwenda na kurudi 700. Tandam ikiwa nzima na dereva hakanyagi kama ana ugomvi nayo inakupa kilomita 4 kwa lita, hiyo ni lita 175. Dizeli weka 3,000 kurahisisha hesabu, maana EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wanatoa bei mpya kila jumatano ya kwanza ya mwezi huwezi kuikariri. Hapo 525,000 imekwenda. Kwenye 750,000 yako imebaki 225,000. Dereva posho 60,000, utingo 30,000, imebaki 135,000. Maegesho, watu wa turubai, vitu vya njiani visivyo na risiti, weka 40,000, imebaki 95,000.

Sasa hapo ndio wengi wanasimama wanasema nimepata faida ya tisini na tano. Hujapata. Tandam ina tairi kumi, kila moja tuseme 550,000, ni milioni tano na nusu, zikikupa kilomita elfu sitini mshukuru Mungu. Gawanya, kila kilomita tairi zinakula kama shilingi 92. Safari yako ya kilomita 700 imekula 64,000 ya tairi ingawa hakuna aliyekudai siku hiyo. Imebaki 31,000. Sevisi kila kilomita elfu kumi, oili, filta, grisi, laki nne na nusu, ni 45 kwa kilomita, safari nzima 31,500.

Umebaki na hasi shilingi mia tano. Na bado sijataja mshahara wa dereva, bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), kodi ya TRA, springi kukatika pale Mkata saa tisa usiku, na gari lenyewe linavyozidi kuchakaa.

Kidume cha Makorora
Mia tano hasi?? Sasa hawa wenye magari wanakula wapi.

Mzee wa Tela
Wanakula kwenye mzigo wa kurudi. Akipata tani 15 za kurudi Tanga hata kwa 35,000 kwa tani hiyo ni 525,000, ndio yale yale mafuta yote ya safari yamerudi. Ndio maana umeona hakuulizi unarudi lini, ukishashusha yeye keshapigia dalali simu tangu akiwa Chalinze. Wewe unamlipa aende, mtu mwingine anamlipa arudi. Siku ukinunua gari lako wewe ndio utakuwa unatafuta huyo mtu mwingine, na hapo Dar madalali hawakujui, utapewa mzigo uliokataliwa na watu watatu.

MamaMachungwa_Mhz
Shikamoo Mzee wa Tela, na wengine habari zenu. Mimi ni mkodishwaji wa miaka saba, sijawahi kumiliki hata toroli lakini gari nimepakia mpaka nimesahau idadi. Ndugu MwanaPongwe mimi nakwambia kukodi nako kuna mambo yake usidhani ni raha. Kwanza uliza bei unayotajiwa ina nini ndani, wengine wanakupa gari na dereva na mafuta, wengine mafuta juu yako, na huyo wa mafuta juu yako anakupa bei tamu lakini ukifika sheli dereva anakwambia tangi lilikuwa tupu kabisa wakati umesikia mwenyewe linacheza. Mimi siku hizi nalipa kwa tani au kwa safari nzima mafuta ndani, sitaki kujua wese lao.

Pili kulala. Gari likifika sokoni Dar alfajiri likakuta foleni halikushusha siku hiyo, kesho yake unadaiwa hela ya kulala, na chungwa lenyewe nalo linalala, linaanza kulia maji chini kabisa ya bodi. Mwaka jana nililipa siku mbili za kulala na magunia ya chini nikauza bei ya kufukuza nzi. Hiyo siku nilitamani sana ningekuwa na gari langu, halafu nikajiuliza, ningekuwa na gari langu si lingekuwa limelala vilevile, tofauti ni kwamba wa kumdai ningekuwa sina.

Mzee wa Tela
Marahaba mama. Hapo kwenye sentensi ya mwisho umemaliza nusu ya uzi.

fundi_hedi
Mimi ni fundi dizeli, gereji, nitaongelea hilo Fuso la Mabawa maana naona watu wanaongea hesabu na gari lenyewe hamna aliyelitazama. Sijui ni lipi na sitaki kujua nisije nikaharibia mtu biashara. Ila ukienda usiende mchana gari likiwa limeshawashwa linakusubiri kwa tabasamu. Nenda alfajiri injini ya baridi, weka mkono kwenye bloki (mwili wa injini) kwanza, kama ina joto wamekuwahi. Liwashwe mbele yako. Moshi mweupe kidogo asubuhi sio kesi, ukiendelea dakika kumi hiyo ni kesi, wa bluu linakunywa oili, mweusi tii angalia nozo na pampu. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma, kikisukumwa na moshi unapuliza kama birika jua ringi zimeisha, andaa hela ya ovahoo (kufumua injini nzima).

Halafu ingia chini. Sisi Tanga tuna ugonjwa wetu, chumvi. Gari lililobeba chumvi ya mashambani miaka miwili mitatu chesesi inaliwa kwa ndani, juu unaona rangi mpya inang'aa. Chukua nyundo ndogo gonga reli zote mbili za chesesi mpaka nyuma, chuma kizima kinalia kengele, kilicholiwa kinalia kama debe. Na rangi mpya chini ya gari kuukuu mimi huwa inanitia wasiwasi zaidi kuliko kutu. Tazama kama kuna sehemu imechomelewa bati la kuongezea, hiyo ilishavunjika au ilibeba kupita kiasi.

Tairi usitazame kashata (meno ya tairi) peke yake. Ubavuni kuna namba nne mwisho wa maandishi ya DOT, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kumbe lina miaka nane limepasuka pasuka kwa jua, hilo halikufikishi Segera na mzigo.

Na makaratasi, namba ya chesesi isome kwenye chuma uilinganishe na kadi herufi kwa herufi, jina kwenye kadi liwe la huyo unayempa hela, na uingize namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya faini. Nimeshaona mtu kanunua gari na faini za watu watatu ndani.

MwanaPongwe
Asante sana fundi, hiyo ya nyundo sikuwahi kuisikia. Mzee wa Tela hesabu yako imenikosesha usingizi kweli, lakini je nikiagiza Japan badala ya kununua hapa? Maana naona mtandaoni bei ziko chini.

Mzee wa Tela
Bei unayoona mtandaoni ni ya gari likiwa kule. Ongeza meli na bima mpaka bandarini, halafu juu ya hiyo jumla ushuru wa forodha, na VAT ya 18% inapigwa baada ya ushuru kuongezwa, sio kabla. Gari kuukuu nalo umri wake unaongezewa kodi. Na TRA wana thamani yao kwenye mfumo, ukiwapelekea invoisi inayosema umenunua kwa bei ya embe watakusikiliza kwa adabu halafu watatumia ya kwao. Kuna kikokotoo chao mtandaoni anza hapo kabla ya kutuma hata senti. Likitoka unajenga bodi, unaongeza springi, maana la Japan limezoea lami ya Japan.

Lakini faida yake ni moja, injini haijaguswa na kila mtu.

Tipa_Tupu
Naomba niongeze upande wa kukodisha maana MwanaPongwe anaweza kusema basi nikikosa mzigo nitalikodisha. Mimi nilikuwa na tipa, nikapata mkataba wa kukodisha kwa mkandarasi mmoja kwenye kazi ya barabara, kwa siku hela nzuri tu, nikapiga mahesabu siku 26 kwa mwezi nikaona nimetoka kimaisha. Kumbe mkataba unasema siku gari lilipofanya kazi. Mvua ikinyesha hamna kazi. Kijiko (mashine ya kuchimba) kikiharibika hamna kazi. Kifusi kikikataliwa kwenye kipimo hamna kazi. Mwezi wa nne ule nilipata siku tisa!! na dereva mshahara wake hausomi mvua. Malipo nayo tuliambiwa siku 30 yakaja baada ya miezi mitatu na kidogo, na mimi gari nilinunua kwa mkopo wa benki, marejesho yanatoka tarehe 5 kila mwezi wao hawajui habari za mawingu. Nilianza kukopa kwa shemeji kulipa benki, baadae kukopa kwa rafiki kulipa shemeji. Nikauza tipa nikamaliza mkopo nikabaki na spana na turubai. Sasa hivi nauza spea, nina amani, kila mwenye gari anakuja kwangu akiwa amenuna.

Kidume cha Makorora
Pole sana kaka, ila hiyo ya mwisho nimecheka peke yangu kwenye daladala.

MwanaPongwe
Pole mkuu. Mimi sina mpango wa kukopa, hela ni yangu.

Mzee wa Tela
Hela yako nayo ina gharama, ukiizika yote kwenye gari ukabaki na milioni sita, siku jiabox imekufa, chokaa utanunua na nini? Mimi mwaka wangu wa pili na Fuso ndio ilinikuta. Gari limetoka gereji zima, linanitazama, mimi sina hata hela ya kulijaza mafuta liende kutafuta. Likakaa wiki mbili. Gari zima kabisa! Sheria yangu tangu hapo, robo ya bei ya gari ibaki pembeni isiguswe, kwa hiyo kwa 58 yako gari lako ni la 46, sio la 52.

Halafu kitu kingine hamjakitaja, mizani. Tandam kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo hapa kwetu ilianza kubana machi 2019, ekseli ya mbele tani 8, mbili za nyuma pamoja 18, jumla 26 na gari lenyewe ndani yake. Gari na bodi la chuma ni tani kumi hivi, kwa hiyo mzigo wako ni 15, 16 ukijitahidi. Kuna wauzaji wanakwambia hii inabeba 20 bila shida. Kubeba inabeba, lakini ukifika mizani ya Vigwaza utalipa, ushushe kilichozidi au upange upya pembeni hapo juani na vibarua wanajua huna ujanja. Na sio jumla tu, unaweza kuwa chini ya 26 ukakamatwa kwa ekseli moja kwasababu utingo amerundika mifuko mbele. Chokaa nayo na mchanga vikinyeshewa uzito unapanda njiani, turubai bovu ni faini inayotembea.

fundi_hedi
Na mzigo uliozidi hauishii kwenye faini, unarudi kwangu. Bushi, springi, brek, habu. Tena karibuni.

dereva_wa_segera
Nimesoma kimya kimya naona madereva tunasemwa kwa mbali. Mimi ni dereva miaka 14. Ukweli kunyonya mafuta kupo sitakataa lakini tajiri akikupa mshahara wa kuchekesha halafu posho ya siku mbili kwa safari iliyokaa siku tano, unategemea huyo dereva ale turubai? Foleni ya kupakia kwenye kiwanda kimoja nilikaa siku tatu na nusu nikila kwa mkopo kwa mama ntilie. Tajiri anapiga simu kuuliza umefika wapi, nimefika kwa mama ntilie.

Ukitaka mafuta yako yawe salama, kwanza lipa siku sio safari. Pili jaza tangi mpaka juu unapoanza na mpaka juu unaporudi, sheli ile ile, ndio utajua gari lako linakula ngapi, sio kuhisi. Tajiri wangu wa sasa anafanya hivyo, wala hajaweka trekka (kifaa cha kufuatilia gari), hatujagombana mwaka wa tatu huu.

MamaMachungwa_Mhz
Kaka dereva umesema kweli, mimi dereva wangu namfungia chakula, na ndio maana magunia yangu hayapungui.

Mzee wa Tela
Ushauri wa dereva chukua wote.

MwanaPongwe sasa nikujibu swali lako lenyewe. Safari tatu kwa mwezi kila moja siku nne ni siku 12. Siku 18 gari linakaa Pongwe kunguru wanalinyea. Mimi kwa tandam sifikirii kununua mpaka nione safari sita zenye mzigo kwenda na angalau nne zenye mzigo kurudi, kila mwezi sio mwezi wa machungwa peke yake. Hizo tatu za ziada utazitoa wapi, na hizo nne za kurudi utazipata kwa nani? Ukinijibu hayo majina mawili matatu kwa simu zao mimi mwenyewe nitakwenda na wewe Mabawa na nyundo ya fundi. Bandari yetu tangu ichimbwe mpaka kina cha mita 13 meli zinafunga gatini, sio zile enzi za matishari kufuata mzigo nje, kwa hiyo kazi ipo zaidi ya zamani na magari pia yapo zaidi ya zamani. Usidhani umeiona peke yako.

Na bima, usichukue thadi pati kwa gari la milioni 50 kwa kuona rahisi. Ile inamlipa uliyemgonga, gari lako utaliokota mwenyewe. Mzigo nao una bima yake tofauti, hata kompre (bima kubwa) haiuhusu.

MwanaPongwe
Mzee nimekuelewa ila roho inauma. Ngoja nifanye hivi, mwezi huu na ujao naendelea kukodi lakini nambana mwenye gari, nikodi kwenda na kurudi, mzigo wa kurudi nitafute mimi. Nikiweza kuujaza mara nne kwa gari la mtu, nitaweza kwa gari langu.

Mzee wa Tela
Hapo sasa. Na mwenye gari atakupunguzia, maana umemuondolea dalali.

Kidume cha Makorora
Na Fuso la Mabawa?

MwanaPongwe
Nilikwenda alfajiri ya jana kama fundi alivyosema. Saa kumi na mbili kasoro nimefika bloki ya moto. Mwenyewe akasema alikuwa analihamisha kivulini. Jua hata halijachomoza wakuu.

fundi_hedi
😂😂 kivulini saa kumi na mbili kasoro.

MwanaPongwe (wiki tano baadae)
Wakuu nimerudi. Safari tano nimepeleka, mteja mmoja kaongeza oda. Za kurudi nimejaza mbili, moja mabati na nondo ya duka la Barabara ya 12, nyingine nusu gari tu, sabuni na mafuta ya kula ya Mwarabu mmoja wa Ngamiani, akanisumbua malipo wiki nzima lakini kalipa. Mara tatu tumerudi tupu, na ile ya tatu nilikaa mbele na dereva, kila tukipishana na gari lenye turubai limefungwa naona kama limebeba mzigo wangu. Milioni 58 bado ipo, imekuwa 59.

Gari liko Dar alhamisi hii linashusha mchana. Mwenye mzigo wa kuja Tanga, Muheza au Korogwe, tani 15, lina turubai zima, dereva ana adabu na kala, anicheki inbox mapema kabla sijampigia dalali.